Anatoka au Anaingia?

Nilikuwa Wattaya, hapa Maskati, katika chumba cha kungojea cha gereji, gari langu likibadilishwa breki, simu ilipoanza kulia mkobani. Lilikuwa kundi letu la ukoo, lile ambalo kila siku hujaa maua na dua za Ijumaa hata ikiwa Jumanne. Safari hii binamu yangu wa Unguja alikuwa ametuma picha ya jalada la kitabu cha zamani, pembe zimeliwa na mende, na chini yake ameuliza: "Nani anakikumbuka hiki?" Alikikuta katika kabati la marehemu baba yake, yaani mjomba wangu.

Nilikitambua kabla picha haijamaliza kufunguka. Lakini vijana walinitangulia kujibu. Mpwa wangu mmoja, aliyesoma Kiingereza tangu chekechea na ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chakula tu, akaandika: "Huyu mama anakimbia nyumba." Wenziwe wakamwaga vikatuni vya kucheka. Nami, mtu mzima mwenye mvi za kufichwa kwa hina, nikajikuta nimekasirika kweli kweli juu ya kiti cha gereji. Nilitaka kumwambia: hujui kitu wewe, hakimbii, anarudi. Nilianza kuandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta.

Hasira ile haikuwa ya siku ile. Ngoja nikuhadithie ilikotoka, maana wewe na mimi hatufichani.

Utotoni tulikaa Darsait, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa kunyoosha mabati ya magari. Nyundo yake ndiyo iliyokuwa saa yetu. Ikianza, bibi, mama yake baba, alijua ni wakati wa kuweka chai. Ikinyamaza adhuhuri, tulijua fundi kaenda kuswali na sisi tufanye hima. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlima wa mawe matupu ambao mchana kutwa ulikusanya joto, na jioni ukaturudishia lote. Bibi alikuja kutoka Unguja na vitu vichache, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, kaifungia ndani ya shuka kama mtu abebavyo mtoto mchanga. Nazi tulizinunua sokoni Matrah. Bibi alizilaani kila Alkhamisi kwa kukosa tui, na kila Alkhamisi alizikuna hivyo hivyo, akatupikia mbaazi na mahamri yaliyojaa harufu ya iliki mpaka ngazini. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mchele, na kuiba machicha ya nazi yakiwa bado yana utamu.

Ndani tulizungumza Kiswahili, nje Kiarabu, na ukikosea mlango ulichekwa na upande wa pili. Skuli yangu ilikuwa ya Kiarabu tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Bibi alikuwa msomaji mzuri, lakini Kiswahili chake alikisoma na kukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani utotoni mwake. Baba alizijua kidogo herufi za kizungu, za kumwezesha kusoma jina la dawa. Tena baba kazi yake ilikuwa jangwani, tukimwona mwisho wa wiki tu, na mwisho wa wiki wenyewe aliumalizia usingizini. Aliyejua kusoma kitabu cha Kiswahili nyumbani kwetu alikuwa mama peke yake.

Kitabu hicho aliletewa na mjomba kutoka Unguja. Kilikuwa tamthilia, au kama bibi alivyokiita, "kitabu cha mchezo". Mama alifurahi nacho, akakiweka juu ya televisheni, pale penye kitambaa cha kufuma, akasema atatusomea kazi zikipungua. Kazi hazikupungua. Ikaja khabari kwamba mama yake ni mgonjwa sana, na mama akafunga mzigo, akaenda Unguja. Kitabu kikabaki juu ya televisheni, hakijafunguliwa hata ukurasa.

Sasa nikueleze jalada lenyewe. Mchoraji alikuwa na rangi mbili tu, nyekundu na nyeusi, na weupe wa karatasi. Alichora nyumba kama iliyokatwa kati kwa kisu, vile unavyokata mkate ukaona ndani yake. Mkono wa kushoto ni ndani: ua, kinu, jiko la makaa, na mtoto amekaa mkekani ametupa mgongo. Mkono wa kulia ni nje: kichochoro, taa ya ukutani, paka amelala. Katikati ni kizingiti, na juu ya kizingiti kasimama mwanamke, furushi kichwani, uso anakuelekezea wewe unayemtazama. Mguu mmoja uko ndani, mguu mmoja uko nje.

Mara ya kwanza nilikigeuza kitabu nikatafuta mwanzo wake upande wa nyuma, kama vitabu vyangu vya skuli, nikakuta karatasi tupu yenye duara la kikombe cha chai. Nilipolipata jalada, nikalisoma kwa njia niliyoijua. Hadithi za picha katika majarida yetu ya skuli zilianzia kulia, na jicho langu halikuwa na njia nyingine. Nikaanza kichochoroni, nikafika kwa mwanamke, nikamalizia kwa mtoto mkekani. Khabari ilikuwa wazi: mwanamke katoka safarini, anaingia kwake, na mtoto bado hajageuka tu akamwona. Nikampelekea bibi. Akavaa miwani, na macho yake, yaliyofundishwa kama yangu, yakapita njia ile ile.

"Anaingia," akasema. "Alhamdulillahi."

Ningebaki na furaha yangu kama si jirani wa mlango wa pili. Mwanamke huyu alizaliwa Bujumbura, akasomeshwa na masista kwa Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha haraka haraka. Kila alasiri alikuja kwetu kuazima kitu na kukaa mpaka magharibi. Alikiona kitabu mapajani mwangu, akakitazama kidogo tu.

"Masikini, huyu anatoka," akasema. "Anaacha mtoto."

Bibi akamwambia atazame vizuri. Akatazama vizuri, akafuata kwa kidole: hapa mtoto, hapa mama, hapa barabara. Anatoka. Bibi naye akaweka kidole chake upande wa pili: hapa barabara, hapa mama, hapa mtoto. Anaingia. Vidole vyao vilikutana juu ya mwanamke, na hapo hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake.

"Nyinyi wa bara mnasoma kinyumenyume," bibi akasema.

"Sasa mama, si tufungue ndani tu? Mimi ntasoma, tujue."

Bibi akakichukua kitabu, akakirudisha juu ya televisheni. "Kina mwenyewe, na mwenyewe yuko safarini," akasema. "Akirudi atatusomea."

Jirani hakuudhika. Alicheka, akaazima vitunguu vyake, akenda zake. Lakini mimi neno "anaacha mtoto" liliniingia kama mwiba wa samaki, ule usioumiza mpaka umeze. Unaelewa kwa nini. Wiki zilikuwa zimeanza kugeuka miezi. Simu ya Unguja ilikuwa ya kubahatisha. Sauti ya mama ilikuja imechanganyika na mvumo, ikisema "nakuja mwanangu, nakuja," halafu inakatika. Shangazi yangu, dada yake baba, alipokuja kututembelea alikuwa akishusha sauti kila nikipita, na watu wazima hawajui kwamba sauti ikishushwa ndipo mtoto anapofungua masikio. Nilimsikia akimwambia bibi, "Mwacha asili ni mtumwa. Kafika kwao, kwa mama yake na ndugu zake, atataka nini tena katika mawe haya?" Bibi akamwambia anywe kahawa yake.

Basi ikawa kila nikirudi skuli, kabla ya kuvua viatu, naenda kwa televisheni kumtazama mwanamke yule. Siku nyingine nilimwona anaingia, waziwazi, nikala vizuri. Siku nyingine, hasa nikiwa nimemsikia shangazi, jicho langu lilikwenda kwa njia ya jirani bila ya kutaka, nikamwona anatoka, na mbaazi za bibi nikazisukuma kando. Nilijaribu kulifunika jalada kwa mkono, nusu kwa nusu. Nikimfunika mtoto, mwanamke alionekana msafiri tu. Nikifunika kichochoro, alionekana mtu wa nyumbani aliyepanda kizingitini kuchungulia. Nikifungua mikono yote miwili, mashaka yalirudi palepale. Nilimchukia yule mchoraji. Nilikuwa nikijiuliza angepungukiwa nini angemgeuza uso kidogo, upande wowote, watu wakajua.

Bibi aliona. Nilianza kumsikia akiwaambia wageni wote, tena kwa sauti, kwamba mkwewe yuko njiani. Aliosha mapazia ya chumba cha mama. Alikuwa akimpenda mama kuliko wakwe wengi wanavyowapenda wake za watoto wao, na naona siku hizi kwamba naye alikuwa akiogopa.

Kisha ikaja khabari kwamba bibi yangu wa Unguja amefariki. Nyumba ikajaa watu na harufu ya ubani. Baba akaomba ruhusa kazini, akasafiri kwenda kuhani. Na alasiri moja nikapanda ngazi nikitoka skuli, nikakuta viatu vya mama nje ya mlango wetu.

Sikuingia mara moja. Nilivitazama kwanza. Mama alikuwa kakonda, kanga yake inanuka karafuu na mtungi wa maji, na alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nililia mpaka fundi wa chini akanyamazisha nyundo akidhani kuna msiba wa pili. Baada ya hapo, kabla hata ya kuuliza zawadi, nikamletea kitabu nikamuuliza huyu anatoka au anaingia. Akakitazama, akasema, "Mimi sijui, mwanangu. Tukisome."

Tukakisoma. Ilichukua alasiri kadhaa, sakafu ishamwagiwa maji ipoe, jirani kaja na sinia ya sambusa na bibi kakaa kwenye kiti chake kama kadhi. Mama alisoma sauti zote yeye peke yake: mume asiyesema kitu, mawifi wanaosema kila kitu, mzee anayetaka heshima, na mke ambaye kila mtu wa nyumba ile alikuwa na sababu ya kumtaka akae na sababu ya kumtaka aondoke. Jirani alikuwa akiwajibu mawifi kana kwamba wako chumbani. Bibi alimtetea mume, halafu akamtukana. Mimi nilikuwa nikingoja mwisho tu. Ukafika. Mama akasoma polepole yale maneno yaliyowekwa katika mabano: mke anasimama mlangoni na furushi lake, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, mtoto hageuki, pazia.

"Endelea," bibi akasema.

"Ndio mwisho, mama."

"Mwisho gani huo? Mtungaji kaishiwa na wino?"

Jirani alicheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. Mama akalifunga jalada, akalitazama tena, akasema basi mchoraji huyu tusimlaumu, alikisoma kitabu kwanza ndipo akachora. Hakuongeza wala hakupunguza. Mama alikuwa na haki. Picha ilisema kile kile ambacho mchezo ulisema, na mchezo ulikataa kusema. Tangu siku ile, mtu akisitasita mlangoni kwetu, akiaga bila ya kuondoka na kuachia baridi ya kiyoyozi itoke, bibi alimwambia, "Usisimame kama wa kwenye kitabu. Ama uingie, ama utoke!" Jirani na yeye hawakuacha kubishana. Hata walipozeeka, wakikosa la kusema, mmoja alikuwa akianza tu: "Lakini alikuwa anatoka." Na mwenzake anatupa mkono.

Ningesema nilipona hapo. Mama karudi, nyumba imejaa, nini tena? Lakini shangazi alikuja kumpa mama pole, na akiwa jikoni nilimsikia akimwambia mtu, "Ah, kafuatwa huyo. Asingefuatwa asingerudi." Wewe unajua uzito wa neno hilo kwetu. Mke akenda kwao kwa hasira, mume humfuata, humbembeleza na kumrudisha. Anayefuatwa hakuja kwa miguu yake. Nililibeba neno lile nikakua nalo. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, na siku nikimwona mama kakaa kimya dirishani nilikuwa nikijiambia, huyo, yuko Unguja. Sikuwahi kumuuliza. Nilijua baba alikwenda na walirudi pamoja, na hesabu hiyo ilinitosha kuniumiza.

Sasa wengi wao hawapo. Bibi amekufa, baba amekufa, shangazi, na jirani aliyehamia kwa wanawe akafia huko. Kitabu chetu kilipotea tulipohama Darsait kuja Bausher, katika maboksi ambayo hakuna anayejua yalikoishia. Jengo lipo bado, lakini gereji ya chini imekuwa duka la simu, na nikipita kwa gari sisikii nyundo.

Siku ile ya Wattaya nililipokea gari langu, nikaja moja kwa moja nyumbani. Mama, ambaye anaishi nami, alikuwa jikoni anachambua mchicha, kazi asiyokubali kumwachia mtu. Nikamwekea simu mbele yake. Akaikuza picha kwa vidole viwili, kama wajukuu walivyomfundisha, akatabasamu.

"Huyu, masikini. Bibi yako na yule wa Bujumbura walimtoa roho."

Nikamwambia kijana kaandika kwamba anakimbia nyumba. Akacheka. Na mimi, sijui ilikuwa hasira ya asubuhi au umri, nikasikia mdomo wangu unamuuliza: "Mama, wewe ulifuatwa?"

Akaacha mchicha. "Nani kasema nimefuatwa?"

Nikamtaja shangazi.

"Mungu amrehemu wifi yangu, alikuwa akipenda maneno," akasema. "Babako alikuja kuhani. Mimi tikiti nshakata, mzigo nshafunga. Aliyenizuia mjombako. Kasimama mlangoni, 'Kaa, nyumba ya mama itakaliwa na nani?' Nikamwambia nipishe, nna mtoto. Nikanyanyua mguu nivuke, namwona babako huyo kichochoroni, koti mkononi, jasho linamtoka. Yeye anasema hodi, mimi nasema kwaherini!" Akacheka peke yake, kama mtu aliyemwona tena yule kijana mwenye koti. "Hata chai hakunywa vizuri. Nilimwambia kama umechoka, utanikuta Maskati."

Nikaitazama picha mkononi mwake. Bibi alikuwa na haki, na jirani alikuwa na haki. Mama alikuwa akitoka kwao na akija kwangu, kwa hatua moja. Ningempa nani khabari hiyo? Wale wabishi wawili, waliokesha miaka na miaka na suala hili kati ya vikombe vyao, wote wako chini ya ardhi, na ninawajua: hata ningewaambia, wangepata njia ya kuendelea kubishana. Nilitamani kuwasikia wakibishana, hata mara moja tu.

"Mbona siku zote hizo hukuniuliza?" mama akasema.

"Niliogopa utaniambia kweli."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mchicha wake. "Nshakwambia."

Nikavuta kiti nikakaa karibu yake, nikachukua fungu la mchicha, nikawa nachambua huku machozi yananitoka, na kifua changu kikiwa chepesi ajabu. Mama alidhani namlilia bibi. Akanisogezea bakuli.